Jiwe la Kinywani mwa Mama

Nilikuwa bado mtoto, meno yangu ya utoto yakianguka moja baada ya jingine, nilipojua kwamba kuna damu ya kuonyesha na damu ya kuficha. Damu yangu mimi ilikuwa ya kuonyesha. Jino likitoka, nilizunguka nalo parseli nzima, ua wetu wote, nimelilaza kwenye kiganja, mdomo mwekundu kama wa aliyekula pilipili, na kila mtu mzima niliyepita mbele yake alinipongeza. Halafu nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalirusha juu ya bati na kumwomba panya anipe jingine lenye nguvu. Damu ya Mama ilikuwa ya kuficha.

Mama yangu alikuwa Mubembe, mtu wa kaskazini ya ziwa. Alifika Kalemie akiwa msichana pamoja na kaka zake wavuvi, akaolewa na Papa, mtu wa reli, na tangu hapo aliuza sokoni mikebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa. Tuliishi katika parseli yenye nyumba mbili. Ya mbele ilikuwa yetu, na humo alikaa pia Nkambo, mama yake Papa, aliyekuja kwa treni kutoka upande wa Kabalo ingawa kwao hasa ni Kiambi. Ya nyuma ilipangishwa kwa Mama Sifa na mume wake. Mimi nilikuwa mtoto pekee wa Mama, na kwa jina langu watu walimwita Mama Riziki.

Kila asubuhi, kabla moto haujawashwa, Mama alichukua kikombe cha maji na mswaki akaenda nyuma ya choo. Siku moja nilimfuata. Alitema, akatazama chini, akafukia kwa mguu alipotema, kama kuku anavyofukua, lakini kwa kinyume. Niliona kabla udongo haujafunika. Mate yalikuwa mekundu. Mama aligeuka akanikuta nimesimama.

"Usiseme kwa Nkambo," alisema.

Sikuuliza kwa nini, maana nilijua. Mtoto yeyote wa mtaa wetu alijua. Tuliambiwa kwamba mulozi, yaani mchawi, hula watu wakati wengine wamelala, na asubuhi mabaki hukutwa katikati ya meno yake. Mwanamke akiamka na damu mdomoni, na jino halikutoka, na mume hakumpiga, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza amekula nani. Nilikuwa nimesikia hayo mara nyingi tukisuka nywele, tukicheka, nikiyafurahia kama watoto wanavyofurahia kuogopeshwa. Sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kuingia nyumbani kwetu na kuketi karibu na sahani yangu.

Baada ya siku hiyo Mama aliacha mswaki. Aliona kila akiugusa ufizi, damu inakuja, basi akaamua asiuguse tena. Akasukutua maji tu, polepole, na maji yakatoka meupe. Alifikiri amepata dawa. Kumbe hapo ndipo alipoyafungulia mlango matatizo yote, lakini nani angemwambia, na yeye mwenyewe angemwuliza nani? Pumzi yake ilianza kubadilika. Akawa anatafuna tangawizi, anaongea akiwa amegeuka pembeni, na akicheka anavuta pembe ya kitenge kufunika mdomo. Sokoni, nadhani, ndiko alikopumzika, kwa sababu harufu ya samaki ilifunika yake. Alipokuja shuleni kwetu kuongea na mwalimu, nilihesabu maneno yake moyoni nikiomba yawe machache. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na nilimwonea aibu, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Kisha ikaja kofia.

Mama Sifa alikuwa amezaa mtoto wa kiume, Emanueli, na Mama, ambaye mikono yake ilijua sindano kama ilivyojua kisu cha samaki, alijitolea kumfumia kofia nyeupe ya ubatizo. Jumamosi, jua likiwa bado juu, wanawake hao wawili walikaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya nyuma. Mimi nilikuwa nimembeba Emanueli mapajani. Mama alishonea utepe wa mwisho, akafunga fundo, akainama akakata uzi kwa meno kama wanawake wote wanavyofanya. Akaiinua kofia ili tuione.

Pembeni ya utepe palikuwa na alama nyekundu, ndogo, bado mbichi.

"Mama Riziki, hii ni nini?" Mama Sifa aliuliza.

"Nimejichoma sindano."

Alisema haraka mno. Mama Sifa alitazama vidole vyake, kimoja baada ya kingine, na mimi pia nikavitazama. Havikuwa na tundu. Kisha Mama Sifa aliinua macho mpaka kwenye mdomo wa mama yangu, akanyoosha mikono, akamchukua mtoto wake kutoka mapajani mwangu. Mama aliifua kofia kwa sabuni mpaka jioni. Lakini damu ikikaa kwenye nyuzi nyeupe ina ukaidi wake, na ikabaki doa la rangi ya chai. Kesho yake Emanueli alibatizwa na kofia ya kuazima.

Katikati ya juma lililofuata mtoto alishikwa na homa. Homa ya kawaida ya watoto wa kwetu, ile ya mbu, na walimpeleka kituo cha afya wakamtundikia maji. Lakini kabla mtoto hajarudi nyumbani, maneno yalikuwa yamekwisha tembea. Sokoni wateja wa Mama walipita mbele ya meza yake wakaenda kununua kwa jirani. Kwenye bomba la maji wanawake walimpisha achote wa kwanza, na hilo lilimuumiza kuliko matusi, kwa sababu hakuna anayempisha mtu namna hiyo kwa mapenzi.

Jumapili baada ya chakula Papa alituita sebuleni. Ninapaswa kusema hapa kwamba Nkambo hakuwa mwanamke mbaya. Nililala naye kitanda kimoja. Aliniwekea karanga za kukaanga kwenye fundo la nguo yake, akanipa akijua Mama haoni. Ndiyo sababu maneno yake siku ile yaliniingia vibaya. Yalitoka mahali nilipozoea kupata karanga.

"Mwanangu," alimwambia Papa, "mi sisemi ni mulozi. Sijasema. Ninasema arudi kwao kwanza, apande boti, watu wa kwao wamuangalie. Wakiona hana kitu, watamurudisha."

"Na Riziki?" Mama aliuliza.

"Mutoto ni wa kwetu. Atabakia."

Papa alikuwa akizungusha kofia yake ya kazi mkononi, anaizungusha, anaizungusha. Alikuwa mtu ambaye angeweza kusimamisha mabehewa kwa sauti yake, lakini mbele ya mama yake sauti hiyo ilikuwa haipatikani. Nilielewa vizuri kabisa kilichokuwa kinasemwa. Nilijua boti za kaskazini, nilijua wanawake waliopanda na beseni moja na hawakuonekana tena. Nilimshika Mama kitenge na sikukiachia.

Mama alisema, "Ni ufizi yangu. Inauma tangu nilizaa huyu mutoto. Nitaenda kwa daktari ya meno kule hospitali."

"Usiende!" Nkambo alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona anaogopa kweli. "Ile kitu ngumu iko kwa meno, ile ya njano, ile njo inashika meno, ndiyo inashika. Mungu njo aliiweka pale. Wakiikwangua, meno itabakia uchi. Na mwanamuke wa meno uchi hana tena kitu ya kuficha. Nimekuambia mapema."

"Mimi sina kitu ya kuficha, Mama," mama yangu alimjibu mkwewe.

Walitazamana. Halafu Nkambo, ambaye aliwahi kukaa kwenye mabaraza mengi ya ukoo na kujua jinsi mlango unavyofungwa huku umeachwa wazi kidogo, akasema sawa, aende, lakini mtu wa ukoo awe pale na aone kwa macho yake ni nini kitatoka katika kinywa hicho. Nani sasa? Miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba. Papa alikuwa kazini mchana kutwa. Shangazi zangu walikuwa Kabalo. Macho yao yakanigeukia.

"Riziki ataenda," Papa alisema. Hilo ndilo neno pekee nililomsikia akisema kwenye kikao hicho.

Nkambo alinielekeza siku iliyofuata, akinisuka, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake. Nisigeuze macho. Daktari akifika chini ya ufizi, huko ndiko mambo yanakojificha. "Ikitoka nyama, utaniambia. Ikitoka nywele, utaniambia. Wewe ni mutoto, hautadanganya."

Tulikwenda hospitali kwa miguu, mimi na Mama, asubuhi ya upepo, ziwa likipiga kelele upande mmoja wa barabara. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Hakunishika mkono kama kawaida, na mimi sikuthubutu kumshika. Tulipovuka daraja aliuliza, bila kunitazama:

"Walikutuma uangalie nini?"

Nilitaka kusema sijui. "Nyama," nikasema.

Mama alisimama. Watu walitupita, baiskeli ikapiga kengele. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alirekebisha tu kitenge kiunoni, akaendelea kutembea, na mimi nyuma yake, nikitazama visigino vyake vilivyopakwa mafuta kwa ajili ya daktari.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mnene wa Lubumbashi, mwenye mikono ya kukandia mikate na sauti iliyojaa chumba. Alimkalisha Mama kwenye kiti kinacholala, akaniona mimi mlangoni, akasema mtoto angoje nje.

"Hapana," Mama alisema. "Abakie. Walimutuma aangalie." Kisha akageuza kichwa kwangu, akaniita nisogee. "Kuya karibu, Riziki. Angalia muzuri."

Akafungua kinywa.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye mama yake hakuwahi kuficha kinywa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona. Ilikuwa kama kufungua mlango na kumkuta anaoga, na yeye, badala ya kufunga, anasema ingia. Fizi zilikuwa zimevimba, zinang'aa, nyekundu ya kuelekea zambarau. Penye meno ya chini ya mbele palikuwa na ukuta wa kitu cha njano uliounganisha jino na jino. Harufu ikanifikia. Nilitaka kugeuza uso, na sikugeuza, kwa sababu nilikuwa nimetumwa, na kwa sababu macho yake yalikuwa juu yangu. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni. Mpaka leo, nikiwa peke yangu jikoni nikiosha vyombo, macho yale hunirudia na masikio yangu hupata moto.

Daktari alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye mistari, akakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi. Kilizama. Mtu angetegemea kisimame palepale, lakini kilizama kama kijiti kinachopima mafuta kwenye pipa, na damu ikafuata. "Iko na mifuko," alisema. "Ufizi umeachana na jino. Tangu lini, mama?" Mama alionyesha kwa kidole kwangu mimi, umri wangu wote. Daktari alimchoma sindano ya ganzi, akangoja mdomo ulale upande mmoja, kisha akachukua chuma chenye ncha iliyopinda na kuanza kukwangua, chini kabisa, kwenye mizizi ya meno.

Ile sauti naijua. Ni ya kijiko kinachokwangua ukoko chini ya sufuria. Ilitoka ndani ya kichwa cha mama yangu, na yeye alishika mikono ya kiti, machozi yakiteremka pembeni kuingia masikioni bila yeye kulia. Kipande kilitoka. Daktari alikipangusa kwenye kitambaa cheupe. Kilikuwa cheusi, kimezungukwa na damu. Kikatoka kingine.  Nilimwona Mama kwenye boti na beseni lake.

"Njo nyama?" niliuliza.

Sikukusudia kusema kwa sauti. Mkono wa daktari ulisimama. "Nyama gani?"

Mama alijaribu kujibu, lakini nusu ya mdomo ilikuwa imelala na maneno yalitoka yamepinda. Daktari alimtazama, akanitazama, akakitazama kitambaa. Nadhani ilikuwa si mara yake ya kwanza. Hakucheka, na kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote. Alikileta kitambaa mbele yangu.

"Shika."

Nilikataa kwa kichwa.

"Shika, mwanangu. Si walikutuma uangalie? Sasa angalia na vidole."

Nilishika. Kile kipande kilikuwa kigumu. Kilikwaruza ngozi ya kidole kama mchanga wa pale bandarini.

"Ni nini?"

"Jiwe," nikasema.

"Ni jiwe. Uchafu ya chakula inabakia kwa jino, mate inaigandisha pole pole, inakuwa jiwe. Kisha inashuka chini ya ufizi, kwenye muzizi. Ni nyeusi sababu ya damu ya kule chini. Ufizi haipendi kulala na jiwe, inakimbia, inavimba, inatoka damu. Mimi ninatoa jiwe, ninalainisha muzizi mpaka chuma inateleza. Ufizi ikikuta muzizi ni safi, itatulia, itaushika tena." Akanikazia macho. "Kwa hiyo ukifika nyumbani uwaambie: mama huyu hajakula mutu. Ufizi yake njo inakuliwa."

Alipomaliza upande wa kwanza alimwuliza Mama kama anatumia mswaki. Mama, kwa mdomo wake uliopinda, alisema aliacha, kwa sababu damu. Daktari alishusha pumzi. Akasema damu ilikuwa inaomba mswaki, na yeye akainyima. Akampa mswaki laini, akamwonyesha namna ya kuuinamisha pale jino linapokutana na ufizi, akamwambia asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi na arudi kwa upande wa pili. Nilimwomba kile kitambaa. Alikifunga vizuri akanipa.

Tulirudi kwa njia ileile, mimi nyuma yake.  Lakini tulipofika darajani mkono wake ulishuka ukanishika, na tulitembea hivyo mpaka langoni.

Nkambo alikuwa jikoni, nje, anachagua maharage kwenye ungo. Mama alipita akaingia ndani kulala. Mimi nilibaki.

"Nini ilitoka?"

Nilifungua kitambaa. "Jiwe, Nkambo."

Alikichukua kipande kimoja akakibana kwa ukucha wa dole gumba. Hakikubonyea. Akakiweka juu ya sakafu ya saruji, akakiponda kwa mchi, akaupaka unga wake kati ya vidole, akaunusa. Alikuwa shahidi wa haki, hilo lazima niseme, alikagua kama mtu anayetaka kujua. Kisha nikaona jambo ambalo sikutumwa kuliona. Ulimi wake ulitembea nyuma ya mdomo wa chini, taratibu, kutoka upande huu mpaka huu. Ukarudi. Akaingiza ukucha wa kidole kidogo nyuma ya meno yake ya chini, yale machache aliyobaki nayo, akakwangua. Nilisikia ile sauti ya kijiko, ndogo sana.

Alitoa kidole akakitazama. Kisha akaniona ninamtazama, akageuza uso kwenye ukuta. Nilijua alichokipata, naye alijua kwamba najua, na nilimwonea aibu kwa namna ileile niliyomwonea Mama.

"Enda kunawa mikono," aliniambia.

Papa aliporudi kutoka kazini Nkambo alimwambia akiwa bado mlangoni, kabla hajavua viatu: "Nimeona. Ni jiwe." Habari ya boti haikutajwa tena. Haikufutwa pia. Hakuna aliyemwomba Mama radhi, si Nkambo, si Papa, wala hata Mama Sifa, ambaye Emanueli wake alipona akanenepa. Mama Sifa alituma tu ile kofia irudi, imekunjwa vizuri, doa likiwa kwa ndani. Mama aliipokea, akasema asante. Papa aliendelea kuwa mume mwema kwa kila kitu kilichokuwa rahisi.

Mama alirudi hospitali mpaka meno yote yakawa yamekwanguliwa. Na hapo, nikiwa mkweli, onyo la Nkambo lilitimia. Uvimbe ulipopungua, fizi zilirudi ndani, zikawa nyembamba, ngumu, za rangi nzuri, lakini zilikuwa zimepoteza urefu wao, na mizizi ya meno ikabaki wazi. Meno ya Mama yakaonekana marefu, ya njano kidogo kule juu, na nafasi nyeusi zikajitokeza palipokuwa pamezibwa na jiwe. Maji ya baridi yalimrusha. Watoto wa mtaa wetu walimpa jina la farasi. "Nilisema," Nkambo alinung'unika, "nilisema itabakia uchi." Daktari mwenyewe hakukataa. Alisema ufizi ulioliwa haurudi wote, na kwamba hayo ndiyo meno ya mtu aliyechelewa kuja lakini akaja.

Asubuhi moja baadaye niliamka nikamkuta Mama katikati ya parseli, jua limekwisha toka, kikombe mkononi. Alikuwa anapiga mswaki mbele ya mlango wa Mama Sifa, ambaye alikuwa kizingitini anamnyonyesha mtoto. Mama hakuharakisha. Alitema povu jeupe ardhini, akasukutua, akatema tena, akasema habari ya asubuhi. Hakufukia.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo Mama alishinda. Lakini aibu ina njia zake. Yeye alipoiweka chini, mimi nilikuwa nimekwisha iokota bila kujua. Nilikua nikicheka kwa mkono mdomoni. Kwenye picha ya harusi yangu midomo imefungwa kama ya mtu aliyepoteza kitu. Watu wakidhani ni heshima, nimewaacha wadhani. Nilipopata mimba ya binti yangu, fizi zilianza kutoa damu, na mimi, mwalimu ninayewafundisha watoto kupiga mswaki kila muhula kwa mchoro ubaoni, nilianza kutema nikiwa nimefungua bomba lote ili maji yakimbize rangi. Sikuamini ulozi. Nilijua jiwe ni nini, nilikuwa nimelishika. Na bado nilificha kwa miaka, kwa sababu mwili wangu uliamini jambo ambalo kichwa changu kilikuwa kimekataa.

Binti yangu ndiye aliyenitoa huko, bila kujua. Ana meno safi, mapya, yamepishana kidogo tu mbele. Mwaka huu tulikuwa tumekaa na Mama, naye akatuchekesha kama anavyojua, na nikamwona mtoto akiinua mkono wake mdogo na kufunika kinywa ambacho hakina kosa lolote. Mama pia aliuona mkono huo. Aliacha kucheka. Hakusema kitu kwa mtoto, aliniambia mimi:

"Kesho tunaenda kwa daktari ya meno. Wote."

Yule daktari wa Lubumbashi alikwisha hama zamani. Sasa ni kijana mpole, ana mashine ya maji inayolia kama mbu, lakini kwa mizizi bado anatumia chuma kilichopinda. Aliingiza kijiti chake cha mistari, na nikahisi kinavyozama. Aliuliza kama kuna mtu wa familia aliyekuwa na ugonjwa huu, kwa sababu mara nyingi unatembea katika damu moja. Nilijua jibu. Mkono wangu ukapanda wenyewe kuelekea mdomoni.

"Ni mimi," Mama alisema kutoka kwenye benchi la mlangoni, kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu waliokuwa wanangoja nje. "Mama yake. Mimi njo nilimuachia huu ugonjwa. Kuya uone." Akacheka, kinywa wazi, meno yake marefu yote nje, uchi kabisa kama Nkambo alivyotabiri, na hakuna hata moja lililoanguka.

Daktari alisema mtoto anaweza kungoja nje, si vizuri aone damu. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na bibi yake, ameshika kitenge, ananitazama. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Aibu haikuwa imeondoka. Ilikuwa palepale, imekaa na mimi kwenye kile kiti, na nadhani nitazeeka nayo. Nilishusha mkono wangu kutoka mdomoni na nikauweka kwenye mkono wa kiti.

"Abakie," nilisema. "Kuya karibu, mwanangu. Angalia muzuri."

Nikafungua kinywa.